Jibu Ni Sehemu ya Tiba: Barua ya Wazi kwa Mnaojibu Maswali ya Afya ya Wananchi

Ndugu Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, maafisa afya, maafisa habari wa wizara na halmashauri, nanyi mnaopokea simu za wananchi kwenye namba 199,

Nawaandikia kuhusu kazi mnayoifanya kila siku lakini haihesabiwi popote kama tiba: kujibu maswali. Mtu anauliza kama maji ya kisima chao yanafaa kunywa. Mwingine anauliza kama chanjo aliyochomwa bintiye itamzuia kuzaa, au kama homa iliyomuua jirani inaambukiza, au afanye nini na dozi aliyoikatisha katikati. Jibu mnalompa ndilo litakaloamua atafanya nini kesho asubuhi. Ndiyo maana naliita tiba, na ndiyo maana naomba liandikwe kwa uangalifu uleule mnaoutumia kuandika cheti cha dawa.

Mimi ni mwandishi. Kwa sababu hiyo watu wanaonifahamu huniletea barua walizojibiwa na ofisi mbalimbali, wakiomba niwaambie zinasema nini. Wengi wao wanajua kusoma vizuri. Wamo walimu wa shule za msingi, wamo wenyeviti wa kamati za maji. Wameisoma barua mwanzo hadi mwisho, mara nyingine wameisoma kwa sauti mbele ya familia nzima, na bado hawajui wafanye nini. Sitaitaja ofisi yoyote hapa. Mtindo ninaoulalamikia umeenea kote, na waliouandika wengi ni watumishi wazuri waliofundishwa kuwa barua ya serikali ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Nitachukua suala moja na kukaa nalo kwa muda, kwa sababu linaonyesha mengi: floraidi kwenye maji ya kuzunguka Mlima Meru.

Mnalijua vizuri kuliko mimi. Miamba ya volkano inaachia floraidi kwenye chemchemi, mito na visima, na maji yanatoka ardhini yakiwa meupe, hayana harufu, yanapendeza kuyatazama. Watoto wanaokua wakiyanywa wanaota meno yenye madoa ya kahawia, na ni wengi kiasi kwamba watu wa Arusha na Kilimanjaro wakienda mikoa mingine hutambuliwa kwa tabasamu lao. Pale floraidi inapozidi sana, madhara yanafika kwenye mifupa: miguu ya mtoto inapinda, mgongo wa mtu mzima unakakamaa. Meno yaliyokwisha kuharibika hayasafishiki kwa mswaki wowote. Kwa hiyo muda wa kumsaidia mtoto ni mfupi, ni ile miaka ya mwanzo, hadi kama nane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi.

Sasa chukueni mama anayeandika hivi: nina mtoto wa miaka miwili na mimba ya miezi mitano, tunachota kisima cha shule, je, maji haya ni salama, na nikiyachemsha yatafaa? Swali hili nimelitunga, lakini kila anayefanya kazi huko amelisikia kwa namna moja au nyingine. Na jibu nalitunga pia, kwa kufuata lugha ya barua nilizozisoma:

"Husika na somo tajwa hapo juu. Napenda kukujulisha kuwa sampuli za maji kutoka chanzo tajwa zilichukuliwa na kufanyiwa uchunguzi wa kimaabara ambapo ilibainika kuwa kiwango cha floraidi ni 6.0 mg/L ikilinganishwa na kiwango kinachokubalika cha 1.5 mg/L. Aidha, mamlaka husika zinaendelea kuchukua hatua stahiki. Wananchi wanashauriwa kuzingatia matumizi ya maji safi na salama wakati wote. Nakutakia utekelezaji mwema."

Hakuna uongo humo. Maabara ilipima, namba ni sahihi, na mwandishi ametumia lugha ya heshima. Lakini mama aliuliza mambo mawili na hakujibiwa hata moja. Kwanza, hajaambiwa kama ayaache maji yale au aendelee kuyatumia. Pili, na hili linanisumbua zaidi, ameambiwa atumie maji safi na salama. Tangu akiwa shuleni, katika kila kampeni ya kipindupindu, amefundishwa kwamba maji safi na salama ni maji yaliyochemshwa. Kwa hiyo atayachemsha. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kila lita inayobaki inakuwa nayo zaidi kuliko mwanzo. Mama mwenye bidii, anayechemsha kwa muda mrefu ili awe na uhakika, ndiye atakayempa mwanawe kiasi kikubwa zaidi. Barua ya kitaalamu, isiyo na kosa hata moja la kimaabara, imemfikisha huko.

Mimi ningemwandikia hivi:

"Usimpe mtoto wako maji ya kisima cha shule, wala usimpikie uji kwa maji hayo. Wewe nawe usiyanywe wakati huu wa ujauzito ukipata mengine. Tuliyapima mwezi Juni tukakuta miligramu 6 za floraidi katika kila lita, na kwa kiwango cha taifa hazitakiwi kuzidi miligramu 1.5. Kuyachemsha hakusaidii, kunaongeza floraidi kwenye maji yanayobaki. Dawa ya klorini inaua vijidudu lakini haiondoi floraidi. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Yakinge kwenye chombo safi, kisha hayo uyachemshe kwa ajili ya vijidudu. Yakiwa machache, anza na mtoto na wewe mwenyewe, kwa kunywa na kupikia tu. Kuoga, kufua na kuosha vyombo kwa maji ya kisima hakuna madhara. Mtoto atakapozaliwa mnyonyeshe kama kawaida, kwa kuwa maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji ya hapa. Punguza magadi kwenye makande na maharage, kwani nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Hatujui bado ni lini chanzo kingine cha maji kitapatikana. Tutakuandikia tena mwishoni mwa Septemba kukueleza tumefikia wapi."

Chini yake jina la aliyeandika, cheo chake na namba ya simu inayopokelewa.

Jibu hili ni refu kuliko lile la kwanza, na sioni ubaya. Ipo dhana kwamba kuandika kwa kueleweka ni kuandika kwa ufupi. Muulizaji mwenye mtoto wa miaka miwili hachoshwi na sentensi inayomhusu. Anachoshwa na zile zinazoihusu ofisi. Ukiondoa "somo tajwa", "chanzo tajwa", "mamlaka husika" na "hatua stahiki", unapata nafasi ya kutosha ya kumwambia habari za maji ya mvua na maziwa yake.

Tazameni pia mambo yalivyofuatana. Agizo limetangulia, sababu ikafuata. Katika ripoti ya kitaalamu tunaanza na jinsi tulivyopima na tunamaliza na mapendekezo. Mwananchi anahitaji mapendekezo kwanza, kwa sababu huenda asifike mwisho wa ukurasa, na hata akifika, barua yake haitabaki nzima. Siku hizi barua inapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Picha inachukua nusu ya juu. Mtu wa tatu anapokea nusu hiyo bila bahasha, bila tarehe, bila ukurasa wa pili. Kama nusu ya juu imejaa kumbukumbu namba na historia ya sampuli, kijiji kizima kimebaki bila jibu.

Na yapo mengine ambayo muulizaji hakuyauliza lakini yamo kichwani mwake. Bibi wa mtoto yule atasema: maji haya nimeyanywa maisha yangu yote, na waliwahi kuja wakapima wakasema yanafaa. Huenda anasema kweli. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, baadaye 4, ndipo tukashuka hadi 1.5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekuwa likikipendekeza. Maji ya kisima hayakubadilika. Kilichobadilika ni kipimo chetu cha nini kinaruhusiwa. Viwango vya zamani viliwekwa juu kwa sababu vyanzo vingine vya maji vilikuwa haba, na ingesemekana karibu kila kisima cha ukanda ule hakifai. Hili linaelezeka kwa sentensi mbili za wazi. Lisipoelezwa, bibi atafanya hesabu yake: jana walisema yanafaa, leo hayafai, keshokutwa watasema jingine, basi tuendelee kunywa. Siwezi kumlaumu kwa hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu maji, nalo ni la ofisi zenyewe. Swali la maji ya kunywa huangukia mpakani, kati ya afya na maji. Afisa afya humwambia mwananchi awasiliane na RUWASA, wakala wa maji vijijini, na huko huambiwa madhara ya kiafya yaulizwe hospitali. Mama mjamzito anapanda bodaboda mara mbili kutafuta jibu ambalo ofisi hizo mbili zingelipata kwa simu moja. Naomba iwe desturi yenu: swali likifika mezani kwako na sehemu yake si ya idara yako, wewe ndiye ulipeleke, kisha umrudishie muulizaji jibu moja lililokamilika.

Ninaelewa kwa nini barua huandikwa kama zinavyoandikwa. Anayeandika "usimpe mtoto maji haya" amechukua msimamo, na kesho anaweza kuulizwa na diwani, na mkuu wa wilaya, na mwalimu mkuu ambaye shule yake ndiyo yenye kisima. Anayeandika "wananchi wanashauriwa kuzingatia" hawezi kuulizwa lolote. Rasimu hupita kwenye meza kadhaa, na kila meza inaondoa neno moja lenye makali na kuweka jingine laini, hadi inapotoka haina mtu ndani yake. Ndiyo sababu barua hii nimeielekeza kwa Waganga Wakuu kwanza. Afisa kijana hawezi kuandika waziwazi kama anajua mkubwa wake hatasimama naye siku atakayoitwa kujieleza. Mlindeni, naye ataandika vizuri.

Lugha ya maelekezo ya dawa inahitaji uangalifu wa aina yake. Chukueni dawa ya mseto ya malaria. Dozi ya pili inamezwa baada ya saa nane tangu ile ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Nimewahi kusoma karatasi ya maelekezo iliyoandikwa "dozi ya pili saa 8". Kwa msomaji wetu, saa nane ni saa nane mchana. Aliyemeza ya kwanza saa tano asubuhi atameza ya pili baada ya saa tatu. Aliyeanza jioni atangoja hadi usiku wa manane au mchana wa kesho yake. Mwandishi angeandika tu: "Ukimeza ya kwanza saa 2 asubuhi, meza ya pili saa 10 jioni." Angeongeza kwamba dawa hii inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na kwamba homa ikishuka siku ya pili vidonge vilivyobaki visiwekwe akiba kwa ajili ya mtoto mwingine. Maelekezo ya aina hii yajaribiwe kabla ya kutoka. Mpeni mlinzi wa ofisi au dereva aisome karatasi, kisha akuelezeni kwa maneno yake atameza nini na saa ngapi. Akikosea, karatasi ndiyo yenye kasoro.

Sasa nije kwenye maswali yenye hofu ndani yake. Haya hayajibiwi kwa takwimu peke yake, na wala hayajibiwi kwa kukemea.

Mzazi anauliza: chanjo hii ya saratani ya mlango wa kizazi, binti yangu atazaa kweli? Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, na muda wote huo swali hili halijakoma. Majibu mengi niliyoyaona huanza kwa kutaja uzushi wenyewe, kisha kuwataka wananchi waupuuze. Mzazi hakuja na uzushi. Amekuja na mtoto wake. Neno la kwanza la jibu liwe: "Atazaa." Baada ya hapo: chanjo haigusi mfuko wa uzazi wala mayai, inaufundisha mwili kupambana na virusi vinavyosababisha saratani hiyo, mkono utamuuma siku moja au mbili, wasichana wengine huhisi kizunguzungu wakiona sindano, kwa hiyo watamkalisha kama dakika kumi na tano kabla ya kumruhusu aondoke. Na mwambieni ukweli kwamba atakapokuwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo. Hapo ndipo takwimu inapopata mahali pa kukaa: kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini hugundulika na saratani hii kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Mzazi aliyekwisha kuambiwa "atazaa" ataisikia namba hiyo. Yule ambaye hajaambiwa bado anasubiri, na namba itampita.

Majirani zetu wa Kongo wana la kutufundisha hapa, tena kwa Kiswahili. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Huko Beni na Butembo watu walikuwa na maswali makali. Kwa nini ndugu yetu anazikwa ndani ya mfuko uliofungwa, hatumwoni? Mmemtoa nini? Mbona fedha zinamwagika kwa ajili ya Ebola, ilhali tunachinjwa na waasi kila wiki na hakuna anayekuja? Mbona surua inaua watoto wetu na hamsemi? Swali hili la mwisho lilikuwa na ukweli mzito: mlipuko wa surua nchini humo ulioanza mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali na malalamiko hayo kama yalivyosemwa, bila kuyapamba, na kuyapeleka kwa wanaoongoza kazi. Matokeo yake moja ni kwamba ilianza kutumika mifuko ya maiti inayoonyesha ndani, ili familia imwone mtu wao na kuhakikisha ni yeye, na kwamba mwili wake uko kamili. Hebu fikirini: swali lililosikika kama tuhuma ya wizi wa viungo lilijibiwa kwa kubadilisha mfuko. Tamko lolote la kukanusha lisingefanya kazi hiyo. Ndani ya tuhuma kulikuwa na ombi la haki kabisa, kumwona marehemu kabla ya kumzika, na mtu aliyesikiliza alilisikia. Kwa hiyo mwananchi anapoandika kwa hasira, someni mara ya pili mkitafuta anachokiomba.

Miaka minne kabla ya hapo, Afrika Magharibi, kosa lilikuwa la upande wa pili. Ujumbe wa mwanzo ulisisitiza kwamba Ebola haina tiba. Ulikuwa ukweli wa kitaalamu kwa wakati ule. Lakini mwenye mgonjwa ndani alijiuliza: kama haina tiba, nimpeleke kituoni akafanye nini? Wengi wakawaficha wagonjwa nyumbani, wakawauguza kwa mikono mitupu. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya jibu, kwamba anayefika mapema akapewa maji mwilini na matunzo ana nafasi kubwa zaidi ya kupona, na kwamba wanaobaki nyumbani wanakingwa.

Kuhusu jambo ambalo hamjalijua bado, nasema hivi: lisemeni kwamba hamjalijua. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa na kutokwa na damu puani, na watatu wakafariki. Wizara haikungoja hadi ipate jina la ugonjwa. Ilitoa idadi ya wagonjwa na vifo, ikasema vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vimeonyesha hawana magonjwa hayo, na kwamba uchunguzi unaendelea. Siku chache baadaye, tarehe 18 Julai, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ni leptospirosisi, akaiita homa ya mgunda, wagonjwa wakiwa wamefika 20. Mkulima wa Ruangwa aliweza kuifuata habari hiyo hatua kwa hatua. Mwanzoni aliambiwa si nini, kisha akaambiwa ni nini, na inatoka kwa wanyama kupitia mkojo wao kwenye maji na udongo wa mashamba.

Januari 2025 jambo kama hilo lilikuja na ugumu wake. Wizara ilisema kwamba hadi tarehe 15 ya mwezi huo sampuli za washukiwa wa Marburg mkoani Kagera zilikuwa hazijaonyesha maambukizi. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kuwa ugonjwa umethibitika Biharamulo. Zile tarehe ndizo zinazomwezesha msomaji kuelewa kwamba taarifa mbili zilizopishana zinaweza kuwa zote zilisema kilichojulikana siku yake. Kwa hiyo kila jibu lenu kuhusu mlipuko liwe na siku, na liseme linaweza kubadilika, na liseme mabadiliko yatatangazwa wapi.

Na tunajua ilikuwaje palipokuwa kimya. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za UVIKO-19 nchini zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikusogea kwa zaidi ya mwaka. Watu hawakuacha kuuliza katika mwaka ule. Waliulizana wenyewe, msibani, kwenye daladala, kwenye simu za usiku, na aliyejibu kwa ujasiri zaidi ndiye aliyeaminiwa. Wengi wenu mlikuwa wodini wakati huo. Sina haja ya kuwaeleza.

Nina ombi moja dogo ambalo huenda halijawahi kuandikwa mahali. Barua zenu nyingi huishia na "Nakala", na chini yake Mtendaji wa Kijiji, Mwenyekiti, Afisa Tarafa. Kwa swali la kisima ni sawa. Lakini mwanamke aliyeandika kuulizia dawa za kufubaza virusi, au kijana aliyeulizia kifua kikuu, akijibiwa kwa barua yenye nakala kwa mtendaji, siri yake imefika kijijini kabla yake. Hatauliza tena, na jirani yake aliyeona yaliyompata hatauliza kamwe. Kabla ya kuweka nakala, jiulizeni huyo anayenakiliwa ana kazi gani ya kufanya na habari hiyo. Kama hana, ondoeni. Swali la mwili wa mtu lijibiwe kwake peke yake, kwa njia aliyoichagua yeye.

Jambo la mwisho ni muda. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu. Kwa ramani ya kiwanja zinatosha. Wakenya, katika sheria yao ya mwaka huohuo, waliweka siku 21, lakini taarifa inayogusa uhai au uhuru wa mtu wakaiwekea saa 48. Hatuhitaji kungoja Bunge libadili sheria ili kufanya hivyo katika afya. Mganga Mkuu wa Mkoa anaweza kutoa waraka kwa walio chini yake: swali lolote linalohusu maji ya kunywa, dawa, chanjo au ugonjwa wa kuambukiza lijibiwe ndani ya saa 48, hata kama jibu lenyewe ni "tumepokea, bado tunapima, wakati ukingoja fanya hivi." Waraka huohuo useme kwamba swali lililoulizwa na watu wengi libandikwe pamoja na jibu lake na tarehe kwenye ubao wa zahanati, lisomwe kwenye redio ya mkoa, na liondolewe siku linapopitwa na wakati. Na useme nani ana ruhusa ya kujibu bila kungoja saini tatu, hata siku za Jumamosi na Jumapili.

Naomba waraka huo utoke kabla ya masika. Mvua zikianza, vyoo vya mabondeni hufurika, na maswali ya kipindupindu huanza kuja siku hiyohiyo.